Diski Kubwa Bado Haijaolewa

Joëlla alihitaji diski ya nje aina ya SSD, ya terabaiti moja, pamoja na kebo yake. Ni sentensi moja, na dukani isingechukua muda zaidi ya ule wa kuitamka. Lakini aliyejitolea kununua alikuwa baba yake mdogo, Herménégilde, na huyo hajawahi kumaliza jambo kwa sentensi moja.

Herménégilde ndiye aliyekuwa msemaji wa familia siku ya mahari ya Nella, dada yake Joëlla. Sherehe ilirekodiwa kwa kamera moja na simu tatu, na Joëlla, ambaye huhariri video za nyumbani kwenye kompyuta yake nyumbani, mtaa wa Carama, akapewa kazi ya kuziunganisha. Jumamosi wakwe wangekuja kuitazama. Kazi ilikwama. Diski yake ya zamani ilishindwa kusoma picha nne kwa pamoja, na kila Herménégilde alipoanza kuhutubia, picha iliganda na mdomo wake ukabaki wazi.

Wakwe nao walikuwa na video yao, tayari. Ndani yake Herménégilde anaonekana kisogo tu, tangu salamu hadi baraka. Video ya Joëlla isipokamilika, hiyo ndiyo ingeoneshwa, na hiyo ndiyo wajukuu wangerithi. Ndipo akatangaza kwamba diski ataileta yeye, tena ataiomba kwa heshima.

Maana ya "kwa heshima" ilijulikana yeye na Joëlla walipofika dukani, mtaa wa Rohero. Herménégilde alikuwa amevaa koti la sherehe. Aliweka chupa tatu za Fanta juu ya kaunta, akakohoa, akamweleza muuzaji kwamba wametoka mbali, kwamba wamepita nyumba nyingi bila kubisha hodi, na kwamba sifa za nyumba hii ndizo zilizowavuta. Katika kuposa, kinachotafutwa hakitajwi. Joëlla alipojaribu kukitaja, aliambiwa chini kwa chini kwamba binti hasemi mbele ya wakwe.

Muuzaji, Fortunat, mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, angeweza kumuuliza anataka nini. Lakini Uvira pia watu huposa, na asubuhi ile duka lilikuwa tupu. Alifungua Fanta, akanywa, akajibu kwamba nyumba yake ina mabinti wengi, wote wamelelewa vizuri, na hajui wageni wanamkusudia yupi.

Baada ya hotuba nyingine mbili, diski mbili zilisimama kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali, ya terabaiti nane, na ndani yake kulikuwa na sahani zinazozunguka. Ya pili ilikuwa SSD, ndogo kama kipande cha sabuni. Herménégilde alizipima mkononi moja baada ya nyingine.

"Hii iko na mwili," alisema kuhusu ile nyeusi. "Ile ingine hawakuikulisha."

Joëlla alimweleza kwamba uzito si hoja. Kwenye diski inayozunguka, kichwa kinachosoma hulazimika kuruka kutoka faili moja hadi jingine, na kwa picha nne zinazotakiwa wakati mmoja hakiwahi; SSD haina cha kurusha. Herménégilde alimsikiliza kwa upole, kisha akamuuliza Fortunat ni ipi iliyoingia dukani kwanza. Fortunat alikiri kwamba ile kubwa ilikuwa rafuni tangu mwaka uliopita.

"Basi njo dada mukubwa," alisema Herménégilde. "Mi siwezi kutoa mudogo mu nyumba, mukubwa anabaki. Watu watasema nini?"

"Watu gani, Tonton? Ni diski."

"Ni vile munaanzaka kuacha mila."

Joëlla aliacha kubishana, akatoa kompyuta kwenye begi, akaomba ruhusa ya kufanya jaribio. Alinakili kipande kile kile cha hotuba kwenye diski zote mbili. Kabla ya kucheza kila moja alizima kompyuta na kuiwasha upya, ili isije ikatumia kilichobaki kwenye kumbukumbu yake. Kwenye diski kubwa, Herménégilde alianza methali, akarukaruka, akaganda, ulimi nje.

Fortunat aliinama kuona vizuri. "Papa, hapa njo uliona ngombe za mahari?"

Kwenye diski ndogo methali ilifika mwisho, mkono ukapanda na kushuka kama ulivyokusudiwa, na hata wakwe waliokuwa nyuma wakaonekana wakikubali. Herménégilde alitazama mara mbili. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Upande mmoja kulikuwa na mila, upande wa pili uso wake mwenyewe.

Fortunat ndiye aliyemhurumia. Kwao, alisema, dada mkubwa akichelewa kuolewa, mabinti wote wawili hutolewa siku moja, mkubwa mbele, mdogo nyuma, na aibu inaisha. Herménégilde aliuliza kama huko nyumbani kuna kazi ya kumpa huyo mkubwa.

"Iko," Joëlla alisema upesi. "Mudogo atakimbia, mukubwa atachunga. Kila faili itakuwa na kopi kwa mukubwa. Mudogo akianguka, hatupotezi kitu."

Hivyo ndivyo inavyopasa: diski ya kasi ya kuhariria, na nyingine kubwa ya akiba. Uamuzi sahihi unabaki sahihi hata ukifikiwa kwa sababu za ajabu. Herménégilde alilipia kubwa kwanza, akaibeba kifuani hadi nje, huku ndogo ikifuata katika mfuko wa koti la Joëlla.

Video ilikamilika Ijumaa. Kesho yake wakwe walijaa sebuleni Carama, wakamwona Herménégilde kwa mbele, hotuba nzima, kila methali. Picha haikuganda hata mara moja. Ilipokwisha, wengine walikuwa wameshaanza kuinuka, naye akaomba irudiwe tangu mwanzo, kwa kuwa shangazi wa bwana harusi alitoka kidogo katikati. Nella alimgeukia dada yake, macho yakimsihi akatae. Wiki iliyopita kompyuta ingekataa yenyewe. Joëlla alibonyeza, na hotuba ikaanza papo hapo.