Maneno Matatu ya Askari wa Kirumi

Saa mbili asubuhi ya Ijumaa Kuu, Habineza alifika mlangoni kwa Mwalimu Buhendwa akisukuma chukudu yake, baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Juu ya chukudu kulikuwa na bidoni nne za maji na msalaba mmoja. Maji yalikuwa ya Jeanine, mke wa mwalimu. Msalaba ulikuwa wa parokia. Habineza aliuchonga mwenyewe kwa mti wa mkaratusi, na kila mwaka aliupeleka kanisani kwa kuwa chukudu yake ndiyo ndefu kuliko zote katika avenyu.

"Mwalimu, leo tena utamuua Yesu?" aliuliza, akishusha bidoni ya kwanza.

"Mwaka wa tisa huu," alisema Buhendwa. "Na siku ya Jumanne atakuja kuniomba chaki."

Yesu alikuwa Guylain, mwalimu wa darasa la nne. Buhendwa alifundisha darasa la pili, na katika igizo la Njia ya Msalaba alikuwa askari wa Kirumi. Kofia yake ilikatwa kwenye bati la mafuta ya msaada, na kwa ndani maandishi ya kukataza kuuza yalikuwa bado yanasomeka. Joho lilikuwa pazia jekundu la Jeanine. Kifuani alivaa kipande cha bati la paa. Askari alikuwa na maneno matatu tu ya kusema. Alipomchukua Yesu kwa Pilato alisema, "Tembea." Yesu alipoanguka alisema, "Simama." Na Yesu alipokwisha kufa, askari aliinua mkuki wake akasema, "Kweli, huyu alikuwa mutu wa haki." Watu waliitika Amina, wakarudi makwao kupika.

Mwaka huo sakristani aliondoka mapema na ufunguo wa chumba cha mavazi, kwa hiyo Buhendwa alirudi nyumbani na vazi mwilini. Karibu na soko, kijana mwenye fulana ya kijani alimpokonya mama mmoja simu, akakimbia. Alipomwona askari alisimama. Akapiga magoti juu ya mawe, akanyosha mikono yote miwili, na simu ilikuwa imelala juu ya viganja. Mama alichukua simu yake, akaifuta vumbi, akaangalia kama kioo kimepasuka. Kilikuwa kizima. Watu walikuwa wamechoka na maandamano, wakamwacha kijana aende zake.

Siku ya Jumanne shefu wa avenyu alikuja na wazee wawili. Walikaa, wakanywa chai, wakamwomba Buhendwa avae tena.

"Kwa nini mimi?" aliuliza Buhendwa.

"Si weye, Mwalimu. Ni ile nguo," alisema shefu.

Alieleza bila haraka. Tangu mwaka uliopita sare za kila aina zilikuwa zimepita katika avenyu, na kila sare iliingia nyumbani mwa watu na kutoka na kitu. Ya Kirumi ndiyo pekee ambayo haikuwa imemnyang'anya mtu hata sufuria. Wazee waliafiki kwa vichwa.

Buhendwa alikuwa amefundisha miaka kumi na minane. Aliamini kwamba mtu akirudisha kitu mbele ya wenzake ataona haya, na kwamba haya hutosha. Alikubali. Kila siku baada ya masomo alivaa kofia na joho, akatembea kutoka saa nane hadi saa kumi na moja.

Mwizi wa kwanza alipatikana Alhamisi. Alipiga magoti, akarudisha mkoba. Buhendwa alitaka kumwambia aende nyumbani na asirudie. Alifungua mdomo na mdomo ukasema, "Tembea." Mwizi alisimama, akaanza kupanda kuelekea kilima cha mawe meusi nyuma ya parokia, pale wanawake wanapovunja kokoto. Miguu ya Buhendwa ilimfuata. Watu waliacha walichokuwa wakifanya, nao wakafuata. Mwizi alianguka mara moja. "Simama," ulisema mdomo wa Buhendwa. Alipoanguka mara ya pili walikuwa wamefika mbele ya nyumba ya Buhendwa mwenyewe, na Jeanine alitoka na kitambaa cha sahani akampangusa uso. Alianguka mara ya tatu karibu na kilele. Huko juu mawe yalikuwa tayari yamevunjwa kwa ukubwa unaofaa. Kazi ilichukua muda mfupi. Kisha Buhendwa aliinua mkuki na kujisikia akisema, "Kweli, huyu alikuwa mutu wa haki." Watu waliitika Amina.

Jioni alisahihisha imla za darasa la pili. Jeanine alifua kitambaa kwa sabuni ya unga, mara mbili, kisha kwa ndimu. Uso wa mwizi, uliojichora kwenye kitambaa, ulibaki pale pale, umefumba macho. Akakianika. Kilipokauka alikitumia kukaushia sahani, kwa kuwa kitambaa hakikuwa na kosa.

Kufika mwezi wa tisa, vitambaa kumi na kimoja vilikuwa vinaning'inia kwenye kamba.

"Papa, bezi bamepunguka?" Jeanine aliuliza siku moja, akivianua.

"Mchana, nyuma ya midi, ndiyo."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi niko kwenye masomo."

"Nao banajua," alisema Jeanine. Simu yake mwenyewe ilikuwa imeibwa Jumatano, saa tatu asubuhi.

Siku moja Buhendwa alirudisha vazi kanisani, na sakristani akalifungia kwa ufunguo. Kesho yake alilikuta limeanikwa uani kwake, kati ya shuka na vitambaa. Alilivaa. Alijiambia kwamba miguu haikuwa yake.

Habineza aliendelea kuleta maji. Asubuhi moja alisimama mbele ya kamba kwa muda, bidoni mkononi.

"Mama Jeanine, hii sura ninaijua. Alikuwa jirani yetu kule kambi ya wakimbizi, Kanyaruchinya. Alikuwa anaimba vizuri."

Habineza alimgeukia mwalimu.

"Na siku batu batakosea, Mwalimu?"

"Hawawezi kukosea. Hakuna anayemshika mtu. Ni mwizi mwenyewe njo anapiga magoti."

"Basi ni vizuri," alisema Habineza, akamimina maji kwenye pipa.

Siku ya kukosea ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, saa tisa mchana. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya alipiga kelele za mwizi. Habineza alikuwa akipita na mzigo wa makaa, na chukudu iliyobeba makaa haisimami ghafla kwenye mteremko. Watu waliona mtu anayekimbia. Walimshika yeye. Buhendwa alipofika, walimpisha njia.

Habineza hakupiga magoti. Alisimama wima, mikono ikiwa chini, akiangalia kofia ya bati.

"Mwalimu, ni miye," alisema.

Buhendwa alifungua mdomo. "Tembea," ulisema mdomo.

"Leo huyu ana kiburi," alisema mtu. Wawili walichukua mikono ya Habineza, wakamnyoshea mbele.

Buhendwa alielewa kwamba ndani ya kofia yalikuwamo maneno matatu tu, na hilo alilotaka kusema halikuwamo. Akavua kofia, akavua joho, akabaki na shati lake la shule lenye chaki kwenye kikwapa.

"Huyu hakwiba kitu," alisema. "Hakupiga magoti, mmeona wote. Munamujua. Yeye njo anatuletea maji."

Mwalimu wa shule ya msingi aliyevaa shati ni mtu ambaye yeyote anaweza kumkatiza. "Mwalimu amechoka, aende akapumzike," alisema mama wa nyanya, kwa upole. Bashige, muuza viazi, aliokota kofia ili isikanyagwe. Akaijaribu kichwani. Ilimkaa sawasawa.

"Tembea," alisema Bashige.

Buhendwa alimshika Habineza mkono, akatembea naye hatua ishirini hivi, watu wakimsukuma kwa mabega bila hasira. Habineza aliangalia nyuma mara moja.

"Achia tu, Mwalimu," alisema. "Uangalie chukudu yangu. Basiiibe."

Buhendwa alirudi, akaisimamisha chukudu, akakaa juu yake. Barabara ilikuwa tupu. Ng'ambo, mbele ya duka lililofungwa, mtu mwenye shati la mistari alikuwa amepiga magoti. Alikuwa pale tangu mwanzo, mikono mbele, simu juu ya viganja. Hakuna aliyekuwa amegeuka. Aliposikia watu wamefika mbali, alisimama, akavuka barabara, akaweka simu juu ya gunia la makaa, akaenda zake.

Mbele ya nyumba, Jeanine alitoka na kitambaa, maana lilikuwa anguko la pili. Baadaye Buhendwa alisikia kutoka kilimani sauti ya Bashige ikisema kwamba kweli, huyu alikuwa mutu wa haki. Akasikia Amina.

Mama wa nyanya alipopita akirudi, Buhendwa alimpa simu.

"Aksanti, Mwalimu," alisema. Aliangalia kioo. Kilikuwa kizima.

Kitambaa cha Habineza Jeanine hakukitumia kwa sahani. Alikikunja, akakiweka chini ya Biblia. Kwa wiki tatu hakuna aliyeleta maji, kisha akaja mwingine.

Ijumaa Kuu iliyofuata parokia haikuwa na askari, kwa kuwa vazi lilikuwa kazini na Bashige, ambaye hakuwa na masomo na alilivaa kutoka asubuhi. Igizo lilifanyika hivyo hivyo. Buhendwa, na shati lake, aliusukuma msalaba juu ya chukudu mpaka kanisani. Guylain alitembea bila kusindikizwa, akanyosha mikono mwenyewe, akaanguka palipotakiwa, akasimama bila kuambiwa. Kilimani alikufa. Watu wakangoja. Lilikuwa limebaki neno la askari, na ukimya ulirefuka mpaka wakaanza kumwangalia Buhendwa, aliyelisema kwa miaka tisa.

"Huyu hakwiba kitu," alisema Buhendwa.

Alilisema kwa sauti ya darasani, ili na wa nyuma wasikie.

"Amina," waliitika wote, wakaanza kushuka.

Katikati ya njia walikutana na Bashige akipanda, na mbele yake mwanamke aliyevaa kitenge cha njano. Watu walisogea pembeni kumpisha askari. Halafu wakageuka, wakafuata, kwa kuwa walikuwa tayari njiani. Mwanamke alianguka mbele ya mlango wa mwalimu.

Jeanine alikuwa amebakiwa na kitambaa kimoja safi. Alikikunjua.