Neno Lililobaki Kinywani

Mpima ardhi mmoja alimposa fundi cherehani. Alitaka kumwita "mtamu wangu," lakini neno hilo mbele ya wakwe ni kujitafutia balaa. Akakimbilia la Kiingereza: Switi. Wakwe wakadhani ni jina la shuleni. Likawa la mkewe peke yake, hata watoto walipolijaribu, baba yao aliwakemea, "Hilo lina mwenyewe."

Miaka ikapita, kiharusi kikamwangusha bafuni. Alipozinduka hospitalini, maneno yote yalikuwa yamepukutika isipokuwa hilo moja.

"Switi," alimwambia mkewe, naye akalia kwa furaha.

Muda si muda akaingia mfagizi na ndoo yake. "Switi," mgonjwa akamwambia. Daktari naye, Switi. Mto ulipoteleza, Switi.

"Wifi, usinune," dada wa mumewe alimtania. "Una wake wenza wodi nzima, na mmoja ana ndevu."

Fundi alicheka, kisha akaenda msalani kulia. Kumwonea mgonjwa wivu ni aibu, lakini moyo hauambiwi.

Basi akaanza kujifunza lile neno upya. Likikatwa, mgonjwa anaumwa. Likipandishwa mwishoni, anataka kugeuzwa. Likivutwa, switiii, ana kiu, naye humnywesha maji kwa kijiko. Kila siku alitega sikio lisemwe kama zamani, kwa sauti ya chini, limkusudie yeye. Hakulisikia.

Adhuhuri moja alikwenda nyumbani kuoga na kubadilisha nguo. Aliporudi, shuka ilikuwa imemfunika mumewe mpaka usoni.

Muuguzi, binti mpole, alimshika mkono. "Amekwenda akikuita, mama. Switi, Switi, mpaka mwisho."

"Alilisemaje?"

"Kivipi, mama?"

"Alilikata, au alilivuta?"

Binti akafikiri. "Alilivuta. Kama anayebembeleza."

"Mlimpa maji?"

Binti akamtazama asielewe. "Hakuomba maji, mama."

Fundi angemlaumuje mtoto wa watu?

Msibani, wifi yake alimsimulia kila aliyeingia: "Kaka yangu amekata roho na jina la mkewe mdomoni. Nani kati yenu atapata bahati hiyo?" Wanawake wakamkumbatia mjane, wakamwambia amependwa. Naye kweli alikuwa amependwa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Watu walipopungua, alimvuta wifi yake chumbani, akafunga mlango.

"Wifi, kuna jambo nataka kukuambia."

"Niambie."

Akamwangalia. Macho yamevimba, sauti imekauka kwa kusimulia. Alikuwa ndugu pekee wa marehemu, na faraja yake yote ilikuwa hadithi ile moja.

"Basi," akasema. "Nenda kwa wageni. Unawasimulia vizuri."

Wifi akatoka. Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda, akasikia hadithi ikianza tena sebuleni.