Fundi Lifti Hajafika Nyumbani

Walikuwa wamemwacha fundi lifti katikati ya ghorofa mbili, amekaa juu ya boksi la vifaa vyake, tochi yake imeanza kufifia. Hapo ndipo Kidoti alipozidiwa na usingizi na mama yake akazima runinga.

Asubuhi yake, hata mswaki hajapiga, Kidoti alimfuata mama yake jikoni.

"Hujaangalia bila mimi?"

"Sijaangalia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Leo jioni nikitoka darasani tunamalizia. Nikifika tu, hata begi sitaweka chini."

Kidoti aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea risiti. Alikuwa na miaka sita na alama nyeusi ya kuzaliwa juu ya nyusi, ambayo ndiyo iliyompa jina. Hakuwa mtoto wa kusahau alichoahidiwa.

Filamu ilikuja kwenye flashi ya Shangazi, dada yake Baba Kidoti, aliyeipata kwa mteja pale saluni anaposuka nywele. Ilikuwa hivi: siku ya kuamkia Krismasi, fundi anaitwa kutengeneza lifti ya jengo la benki. Majambazi wanaingia, umeme unakatwa, naye anakwama humo ndani akiwasikia wakipita juu yake na chini yake. Nyumbani binti yake amemfunikia sahani ya chakula na amekaa karibu na dirisha. Mama na mtoto walikuwa wameifikisha hapo kwa jioni kadhaa, vipande vipande, maana Kidoti hulala mapema. Mwisho wake hakuna aliyeujua.

Mchana Mama Kidoti alishona vifungo kwenye sare za shule, katika karakana ya nguo yenye mashine nyingi na feni moja. Jioni mbili kwa wiki alikwenda darasa la watu wazima kumalizia masomo aliyoyakatiza alipopata mtoto. Baba Kidoti alioka mikate usiku kucha, kwa hiyo jioni za darasa Shangazi alitoka saluni kuja kukaa na mtoto, na mara nyingi alilala hapohapo.

Darasa lilifanyika katika shule ya watoto wadogo. Madawati yalikuwa mafupi, magoti ya watu wazima yakagoma kuingia chini yake, ikabidi kila mtu akae upande kama abiria anayekaribia kushuka. Jioni hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya likizo, na Mwalimu hakutaka kuwachosha.

"Leo mdahalo," alisema. "Nimechagua jambo ambalo kwa ajili yake hakuna atakayemkunjia mwenzake ngumi. Filamu gani inastahili kuitwa ya Krismasi?"

Watu wakacheka. Halafu wakabishana kweli.

Kinyozi, aliyekaa nyuma ya wote akiwa na mafuta ya mashine vidoleni, alianza. "Lazima kuwe na zawadi, kengele, na mzee mwenye ndevu nyeupe. Bila ndevu, hiyo ni filamu tu."

"Wewe kila kitu unatazama nywele," Muuguzi alimwambia.

"Ndiyo kazi yangu, dada."

Mama Kidoti akanyoosha mkono. Akawasimulia habari ya fundi lifti.

"Majambazi?" Kinyozi alisema. "Bunduki? Hapo Krismasi iko wapi?"

"Kuna mti wa Krismasi pale mapokezi. Una taa."

"Mti." Kinyozi aliwageukia wenzake. "Jamani, kwangu pale kinyozini nina kalenda ya farasi ukutani. Ndiyo pawe zizi?"

Darasa zima lilicheka, na Mama Kidoti alicheka zaidi ya wote. Hapo ndipo kengele ilipolia. Mwalimu akawatakia likizo njema, akafuta ubao, akaondoka. Mama Kidoti alikuwa ameshavaa begi begani na kufika mlangoni.

"Wakili," Kinyozi aliita. "Unakimbia kesi?"

Wakili. Walimwita hivyo tangu siku alipobishana na Mwalimu kuhusu jibu la zoezi na Mwalimu akakubali kwamba yeye ndiye aliyekosea. Karakanani aliitwa "wewe wa vifungo." Nyumbani aliitwa Mama Kidoti, na alilipenda hilo jina. Lakini hili lingine alipewa yeye peke yake, na kila aliposikia likitamkwa mgongo wake ulinyooka.

Akarudi. Akaweka begi chini.

Watu watano au sita walikuwa wamebaki. Wakabishana kuhusu miti, kuhusu nyimbo, kuhusu kama filamu ya huzuni inaruhusiwa. Muuguzi alisema yeye Krismasi zake zote amezimaliza wodini, na kule hakuna zawadi wala ndevu, lakini hakuna asiyejua kuwa ni Krismasi. "Unawaona tu wagonjwa. Kila mlango ukilia, vichwa vinainuka."

"Ndiyo hiyo," Mama Kidoti alisema. Alihisi neno linamjia likiwa zima, halihitaji kurekebishwa. "Filamu ya Krismasi si mti. Ni filamu ambayo kuna mtu anasubiriwa nyumbani. Toa mti, toa kengele, toa hata hiyo sikukuu yenyewe. Akibaki mtu mmoja anayesubiri, na mwingine anayejua kwamba anasubiriwa, hiyo ni ya Krismasi."

Wakapiga madawati kwa viganja. Muuguzi alisema, "Wakili, umenigusa mahali." Mashavu ya Mama Kidoti yalipata moto. Alitamani mtu ampinge tena ili aseme zaidi.

Kinyozi aliinua mikono juu. "Nimeshindwa, nakubali. Ila usituache hewani. Huyo fundi, alifika?"

"Sijui. Hatujaimaliza. Mwanangu..."

Akatazama nje. Dirishani palikuwa peusi. Hakukumbuka palivyogeuka kuwa peusi.

"Mwanao ndiyo amefanya nini?" Kinyozi aliuliza, bado anacheka.

Mama Kidoti alikuwa ameshaokota begi.

Barabarani hapakuwa na kizuizi chochote. Njia ilikuwa nyeupe. Alipata basi mara moja, taa za barabarani zikaliruhusu, na aliposhuka wenye maduka walikuwa wanashusha milango ya chuma, na hakuna aliyemsimamisha hata kumsalimia. Aliombea kikwazo, kidogo tu, cha kusingizia. Hakikutokea.

Shangazi alimfungulia mlango akiwa ameweka kidole mdomoni.

Kidoti alikuwa amelala kwenye kochi, ameketi wima, shingo imeanguka pembeni. Miguuni alikuwa na viatu, vimefungwa vizuri. Kwenye runinga fundi lifti alikuwa palepale juu ya boksi lake, amesimamishwa.

"Alikataa kitanda," Shangazi alinong'ona. "Amevaa viatu eti akikusikia tu ashuke ngazi kukupokea. Kila mguu ukipita huko nje, ni mama. Jirani wa juu amepita, ni mama. Mlinzi amepita na gongo lake, ni mama. Nikamwambia basi tuangalie sisi wawili. Aliniangalia, wifi yangu, kama nimetukana."

Mama Kidoti alikuwa anavitazama vile viatu.

"Foleni?" Shangazi aliuliza.

Alikuwa mtu mwema, na alilisogeza hilo neno kama mtu anavyomsogezea mgeni kiti.

"Foleni," Mama Kidoti alisema, na akakikalia.

Alimbeba mtoto hadi kitandani. Alipomvua kiatu cha kwanza Kidoti alifumbua macho nusu, akasema, "Umefika," akalala tena. Hakuwa na hasira hata chembe. Mama yake alibaki pale na kiatu mkononi. Angependa agombezwe.

Siku iliyofuata haikuwa ya kazi. Baba Kidoti alikuwa amerudi na kulala, mlango wa chumbani umefungwa, na mezani kulikuwa na mkate aliokuja nao, bado una joto. Shangazi alikuwa anakunja blanketi lake kwenye kochi. Kidoti alitafuna huku akimtazama mama yake kwa huruma, huruma kabisa, kama ile aliyoionyesha siku paka wa jirani alipoumia mguu.

"Shangazi amesema magari yalikwama."

Mama Kidoti alikoroga chai yake.

"Kama fundi lifti," Kidoti aliendelea. "Na yeye alitaka kufika. Si kosa lake." Kisha akakata ganda la mkate, sehemu anayoipenda kuliko zote, sehemu ambayo hata baba yake hapewi, akalisukuma hadi mbele ya mama yake. "Kula."

Mama Kidoti alilitazama lile ganda. Angeweza kulila. Lingeshuka, siku ingeendelea, wangeangalia filamu wakicheka, na mtoto asingejua kamwe. Ila kila wakati fundi angeonekana kwenye lifti yake, Kidoti angemfinya mkono, akimhurumia.

"Sikukwama," alisema.

Shangazi aliacha kukunja.

"Hakukuwa na foleni, mwanangu. Darasa liliisha kwa wakati wake. Nilikuwa mlangoni kabisa, nikarudi nikakaa. Tulikuwa tunaongea, na mimi nilikuwa nafurahia. Nikakusahau."

Neno la mwisho hakulipanga. Lilitoka tu, na lilikuwa ndilo lenyewe.

Kidoti hakulia. Aliuliza, "Mlikuwa mnaongea nini?"

"Habari ya filamu yetu. Kama ni ya Krismasi au siyo."

"Fundi lifti?"

"Ndiyo."

"Ukawahadithia?"

"Ndiyo."

"Bila mimi."

Mama Kidoti aliitikia kwa kichwa.

"Ukasema ni ya Krismasi?"

"Nikasema ni ya Krismasi."

Kidoti alifikiri, alama yake juu ya nyusi ikapanda. "Umejuaje? Hatujui kama anafika."

Hakuna mtu darasani aliyekuwa amempiga swali kama hilo. Kidoti alinyoosha mkono, akalirudisha ganda la mkate kwenye sahani yake. Hakulila. Alilirudisha tu.

"Shangazi, leo nakwenda na wewe saluni," alisema. Halafu akamwambia mama yake, "Nikirudi ndiyo tutaangalia. Leo wewe usubiri."

"Sawa."

"Usilale."

"Silali."

Shangazi alipokuwa anavaa kandambili zake mlangoni alimwinamia wifi yake sikioni. "Na mimi ukanidanganya. Foleni ya madawati." Lakini alimfinya bega kabla ya kutoka.

Siku ikawa ndefu. Mama Kidoti alifua, akaanika, akapiga deki. Baba Kidoti aliamka mchana, nywele zake bado zina unga, akauliza mtoto yuko wapi, akaambiwa yote bila kupunguzwa. Alikuna kidevu.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi subiri," alisema, akammiminia chai. Alipokwenda kuoga aliacha mlango wa sebuleni wazi, ili ngazi zisikike.

Ilipokaribia jioni, Baba Kidoti akiwa ameshakwenda kazini, Mama Kidoti alikaa kwenye kochi, mahali palepale. Runinga aliiwasha na kuisimamisha kwa fundi. Kisha, baada ya kusita, akainuka akavaa viatu.

Mguu wa kwanza ulipita ukaenda juu. Wa pili ulikuwa na gongo. Aliinuka kwa yote miwili. Kumbe kusubiri hakukuwa kukaa, kama alivyodhani alipokuwa akieleza darasani kwa maneno mazuri. Kusubiri kulikuwa kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, na kila unapokaa unajitungia sababu ya kumtetea asiyefika. Kidoti alifanya hivyo jioni nzima, akamtetea mpaka akachoka.

Kidoti na Shangazi waliporudi, hakusubiri wapande. Alishuka hadi ngazi za chini kuwapokea. Kidoti, aliyesukwa nywele mpya zenye shanga, alimtazama usoni, kisha akashusha macho hadi miguuni.

"Umevaa viatu."

"Nimevaa."

Mtoto alipanda ngazi mbele polepole, akihakikisha anafuatwa.

Kidoti alikaa mwisho wa kochi, na katikati yao akaacha nafasi inayotosha mtu wa tatu. Shangazi aliketi sakafuni, akaegemea ukuta. Fundi lifti akaruhusiwa kusogea. Alipanda juu ya boksi, akafungua dari ya lifti, akaning'inia kwenye waya wa chuma. Majambazi walikamatwa kwa ujanja wake. Akatoka nje, nguo zimechanika, akatembea barabara baada ya barabara. Kwenye picha ya mwisho amesimama chini ya dirisha la nyumba yake. Juu taa inawaka. Akainua uso. Kisha majina yakaanza kupanda.

"Hajafika," Kidoti alisema.

Mama Kidoti alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, la taa ile na sahani ile, na Kinyozi asingepata pa kulishika. Aliliacha lilipokuwa.

"Kweli. Hajafika."

"Kwa hiyo siyo ya Krismasi?"

"Sijui. Wewe unaonaje?"

Kidoti alitazama majina yakipanda. Shanga zake ziligongana alipotikisa kichwa. "Mbona amesimama chini? Si apande?"

"Labda anaogopa. Amechelewa sana."

"Lakini taa inawaka."

"Inawaka."

Majina yote yakaisha, runinga ikawa nyeusi, wakajiona wote watatu ndani yake.

"Apande tu," alisema.

Kisha akanyoosha mguu juu ya ile nafasi aliyoiacha katikati, akauweka mapajani pa mama yake, avuliwe kiatu.