Fika Ofisini Bila Kukosa

Kazi aliyoajiriwa Lornah ilikuwa kufagia, kupika chai na kutoa mafaili kabatini. Lakini siku moja Bwana Wahome, meneja wa tawi, alikuta kipande cha karatasi ambacho Lornah alikuwa ameandika kwamba sukari imeisha, akasema mwandiko kama huo haufai kukaa jikoni. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi akapewa bahasha aziandike majina. Alikuwa ameishia darasa la tano huko Seme, na hakuwahi kusifiwa kwa jambo jingine lolote, kwa hiyo aliziandika polepole, pua ikikaribia kugusa karatasi, kisha akazilamba gundi moja moja na kuzipeleka posta.

Kampuni iliitwa Bima ya Ziwani. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, katikati ya mji wa Kisumu. Barua zilikwenda kwa kila mwenye bima ya maisha asiyekatwa kwenye mshahara, awe amelipa au hajalipa, na zote zilikuwa na maneno yale yale: Mpendwa Bwana Fulani, siku ya malipo yako imekaribia. Tafadhali fika ofisini bila kukosa.

Mwishoni mwa Februari, mwaka wa 1973, Lornah alifungua mlango saa moja asubuhi kama kawaida, akakuta benchi la wateja limelowa. Halikulowa lote. Ni ule upande wa karibu na kaunta tu, mahali pa kumtosha mtu mmoja. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Maji yale yalinuka matope ya ziwa na matete yaliyooza. Alipanguza, na Bwana Wahome alipofika akamwambia. Bwana Wahome alicheka, akasema huko kwao Nyeri paa likivuja hulaumiwa fundi, wala si benchi. Fundi aliitwa, akapanda juu, akashuka na vumbi kichwani. Paa lilikuwa kavu.

Machi ikawa vivyo hivyo, siku tatu baada ya barua kwenda posta. Aprili vilevile. Mei alikuta hata sakafu imelowa chini ya benchi, mahali pawili, pale miguu ya mtu hukaa. Hakumwambia mtu tena. Shangazi yake, ambaye Lornah alikuwa akikaa kwake, na aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufukoni Dunga, aliona msichana hagusi samaki, akamuuliza kama ana mimba.

Katikati ya Juni akaja mama mmoja mrefu kutoka Kombewa, jina lake Dorca. Bwana Wahome alikuwa ameenda benki, kwa hiyo Lornah alimkaribisha kwa chai. Mama yule hakukaa kwenye benchi. Alifungua mkoba, akaweka mezani barua nne, ya kwanza tu ndiyo iliyokuwa imefunguliwa. Lornah aliutambua mwandiko wake mwenyewe kabla hajalisoma jina: Mwalimu Gordon Oduor.

Dorca alieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Mumewe alizama Novemba, mashua iliyokuwa ikimrudisha kutoka mazishini Rusinga ilipopinduka. Wenzake waliokotwa, yeye hakuonekana. Ukoo ulingoja, kisha wakafanya kama inavyofanywa mwili usipopatikana. Walichukua tunda la yago, lile refu linaloning'inia kama mguu wa mtu, wakaenda nalo ufukoni na kumwita mwalimu kwa jina mara tatu wakimwambia twende nyumbani. Tunda likavikwa koti lake la kahawia, likatiwa kwenye jeneza, likazikwa na kuliliwa. Baada ya hapo mama mkwe akakataza mtu yeyote asimwite tena hata kwa mzaha, kwa kuwa ameshafika na analala.

Halafu mshahara wake ukasimamishwa, bima ikawa haikatwi tena humo, na barua zikaanza kuja.

"Kila barua ikifika, watoto wanasikia mtu akikohoa uani," Dorca alisema. "Sikuambii anakuja. Anaondoka. Anafuata njia ya kuja mjini. Sisi tulimwambia alale, nyathina, mwanangu. Nyinyi mnamwambia aje."

Lornah alitazama vidole vyake.

Bwana Wahome aliporudi alimsikiliza mama yule mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya. Akamweleza sheria. Mwili usipoonekana, mtu huhesabiwa kuwa hai mpaka miaka saba ipite. Mama aendelee kulipa kwa niaba ya mumewe, na miaka saba ikitimia, watoto wake wanne watasomeshwa na bima hiyo. Dorca akasema kulipa atalipa, hata siku ile amekuja na pesa. Anachoomba ni barua ziandikwe kwa jina lake yeye. Bwana Wahome akatikisa kichwa. Barua ni ya mwenye bima, na Nairobi wanakagua nakala. Labda mwenye bima mwenyewe aje atie sahihi fomu ya kumhamishia mke wake bima hiyo.

Aliyasikia maneno yake mwenyewe baada ya kuyatamka.

"Akija, utampa hiyo fomu?" Dorca akauliza.

Bwana Wahome alichukua kofia yake mezani, akaiweka tena palepale.

Mwisho wa mwezi Lornah aliandika bahasha ya mwalimu kama alivyoagizwa. Aliandika kwa sababu hakujua namna ya kukataa mbele ya mtu. Aliilamba, na gundi ikamkaa ulimini hadi jioni.

Tarehe ishirini na nane alifungua mlango saa moja. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na kwenye benchi alikuwa ameketi mwanamume aliyevaa koti la kahawia lililofungwa vifungo vyote, maji yakidondoka mikononi mwake.

"Habari ya asubuhi," alisema. "Niliandikiwa nifike bila kukosa."

Lornah alisimama na ufagio wake.

"Hii ni mara ya tano. Nikifika mapema hakuna mtu. Mkishafika nyinyi, hamnioni." Alisema bila hasira, kama mtu aliyezoea kungoja wanafunzi watulie. "Mwandiko wa juu ya bahasha ni wako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mzuri. Ulifika darasa la ngapi?"

"La tano."

"Na kwa nini ukaacha?"

"Baba alifariki."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akampa pole. Kisha akauliza afanye nini ili wasimwite tena, maana kila akipitiwa na usingizi anasikia jina lake likitajwa, na njia ni ndefu.

Hapo Lornah akakumbuka fomu. Alipita nyuma ya kaunta, akaitoa kwenye droo, akaiweka mbele yake pamoja na kalamu. Alifurahi kwamba angalau mara moja alijua la kufanya. Mwalimu alisogea, akashika kalamu, na mkono wake ukalowesha kona ya karatasi. Lornah akautazama ule mstari wa sahihi. Chini yake palikuwa na nafasi ya kuandika tarehe.

Ndipo alipoelewa. Sahihi ya mwalimu ilikuwa ndani ya faili. Nairobi wangezilinganisha, wakaona ni ya mtu mmoja. Wangeandika kwamba tarehe ishirini na nane Juni Gordon Oduor alifika Kisumu kwa miguu yake. Miaka saba ingeanza upya, au isingeanza kabisa, na wale watoto wanne wangeambiwa baba yao yuko mahali fulani na amewatoroka.

"Usitie sahihi, mwalimu."

Mkono ulisimama.

"Ukitia sahihi utakuwa hai."

Mwalimu hakuiachia ile kalamu. Lornah alimwona anaitazama karatasi jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake, akaogopa kuliko alivyoogopa mwanzo, kwa sababu aliona kwamba anataka.

"Na Dorca?" akauliza mwishowe.

"Atakosa kila kitu. Yeye na watoto."

Mwalimu aliweka kalamu chini, taratibu, isibingirike.

"Basi ni wewe utakayeacha kuniita."

"Nitaacha."

"Hata wakikujia juu?"

"Hata wakinifukuza, mwalimu."

Mwalimu akashuka ngazi. Lornah alisikia hatua zake hadi chini, halafu akasikia mwenye duka akifungua mlango wake wa chuma na kukohoa kikohozi chake cha kila siku.

Julai nakala ilitiwa kwenye faili kama Nairobi walivyotaka. Barua yenyewe ilichomwa kwenye jiko la chai. Badala yake Lornah aliandika jina la Dorca juu ya bahasha, na ndani akatia kipande cha karatasi chenye mstari mmoja wa kumkumbusha siku ya kulipa. Bwana Wahome alipouliza kama barua zote zimeenda, alijibu zimeenda, na safari hii hakutazama chini. Dorca alikuja kulipa. Hakuuliza neno. Alisema tu kwamba watoto sasa wanalala mpaka asubuhi, akamwachia ndizi kichane kizima.

Mwisho wa Agosti bahasha zilikuwa themanini. Lornah aliandika kumi na tatu bila kuinua macho. Ya kumi na nne ilikuwa ya Dishon Wakoli, mtu asiyemjua, wa sanduku la posta la mbali. Kalamu ikakataa kushuka. Alisimama, akaenda mpaka kwenye mlango wa meneja, bila chai mkononi.

"Bwana Wahome, huyu Dishon Wakoli bado yuko?"

Bwana Wahome hakuinua kichwa kwenye karatasi zake.

"Analipa?"

"Analipa."

"Basi yuko."

Lornah alirudi mezani. Alikaa akiitazama orodha, jina baada ya jina, na hakuona lolote lililoonyesha tofauti kati ya aliye hai na aliyekufa.