Maji ya Moto Mlangoni kwa Mwanamkasi

Mwatima hakuwa mvivu, hilo mlijue mwanzo. Kwao Unguja alikuwa akiosha kizingiti kila alfajiri kwa ndoo mbili za maji mpaka jiwe linang'aa. Ila theluji hakuwahi kuiona, na Februari ile ya mwaka sitini na tisa, pale Alum Rock, ng'ambo kwa Waingereza, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza.

Nyumba za mtaa ule zimeshikana ukuta kwa ukuta, na milango inafungukia njiani. Ukuta wa pili alikaa Mwanamkasi, Mzanzibari mwenziwe, mjane wa miaka thelathini na kitu, hana mtoto, ana kiuno. Theluji ikianguka, Mwatima huamka akakuta njia ishasafishwa, kwa Mwanamkasi na kwake pia, na jivu la makaa limenyunyizwa juu watu wasiteleze.

"Mwanamke yule ana heshima zake," alisema Ussi, mumewe, asubuhi moja akivaa viatu vya kazini. "Mtaa mzima ni mlango wetu tu unaopitika."

"Nani kamtuma?"

"Ndivyo walivyo hapa, mke wangu. Anayeamka mwanzo humfanyia na jirani. Alipofiwa na mumewe, Baldev, jirani yake wa upande wa pili, alimfanyia yeye."

"Na wewe umeyajuaje yote hayo?"

"Kanambia mwenyewe."

Kanambia mwenyewe! Lini? Wapi? Mwatima akakoroga uji mpaka ukashika chini ya sufuria. Akasogeza pazia. Nje, Mwanamkasi alinyanyua beleshi kumsalimu Ussi, akacheka, na Ussi akacheka. Meno yote yale, ambayo ndani ya nyumba hayajaonekana tangu Idi! Leo anasafisha mlango wangu, akawaza Mwatima, kesho atauingia.

Siku ile Mwanamkasi alikuja kugonga. "Hodi, shoga! Nina neno nawe." Mwatima akajibanza nyuma ya mlango, kimya. Kesho yake akagonga tena. Kimya.

"Ngoja," Mwatima akajisemea. "Nitamwonyesha nani mwenye nyumba hii."

Usiku wa kuamkia Ijumaa theluji ikaanguka tena. Saa kumi na moja alfajiri Mwatima alikuwa keshachemsha maji, birika zima na sufuria kubwa ya kupikia biriani. Akamwaga kwake, kisha akamwaga na kwa Mwanamkasi, ili aamke aone haya. Theluji ikayeyuka kama sukari. Jiwe likang'aa kama la kwao. Jivu hakuweka, la nini, limchafulie usafi wake? Akarudi ndani, akamwamsha Ussi.

"Inuka ukaone. Leo kasafisha mkeo."

Ussi alikuwa bado anatafuta soksi waliposikia puu! na beleshi likigonga chini. Kisha ukelele.

Mwanamkasi alikuwa kalala njiani, mkono umepinda chini yake. Maji yote yale yalikuwa yamekwisha kuganda, njia imekuwa kioo. Ussi akashikilia ukuta mpaka akamfikia, akampitishia mikono kiunoni, akamnyanyua. Na Mwatima, Mungu amsamehe, kilichomuuma mwanzo si mkono wa mwenziwe uliovunjika. Ni mikono ya mumewe, pale ilipokuwa.

Jioni Mwanamkasi akarudi kutoka hospitali na plasta mpaka kwenye kiwiko. Mwatima akaenda na bakuli la supu, machozi yakimtoka.

"Ni mimi niliyemwaga maji."

"Najua. Nani mwingine ataosha njia kwa maji ya moto, kama si mtu wa kwetu?" Mwanamkasi akacheka kwa uchungu. "Hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilimwaga. Aliyeanguka ni marehemu mume wangu. Ndiyo maana nikawa nakuwahi, nawe usije ukamwaga."

"Mbona hukunambia?"

"Nilikuja mara mbili, Mwatima. Hukunifungulia."

Mwatima akaliweka bakuli chini. Na kwa kuwa mtu mwenye mkono mmoja hawezi beleshi, akajisikia akisema kwa kinywa chake mwenyewe: "Ussi atakusafishia. Mpaka upone."

"Nipe mimi hilo beleshi," Mwatima alimwambia mumewe usiku ule.

"Wewe na theluji basi!" akasema Ussi.

Basi enyi mabinti mnaokwenda nchi za baridi, jirani akigonga, fungueni, hata kama moyo unawachoma. Theluji ya mwaka ule ilikaa wiki nyingi. Kila alfajiri Mwatima alisimama nyuma ya pazia na ndoo ya jivu mkononi, akimtazama mumewe akisafisha mlango wa Mwanamkasi, taratibu, mpaka pembeni kabisa. Mwanamkasi humtolea chai kwa mkono wake mzima. Nao hucheka.

Mlangoni kwa Mwatima, Ussi husafisha mwisho, mbio mbio, kazi inamngoja.