Sitasema Mengi

Katika kiwanda cha magodoro, idara ya ushonaji, hapakuwa na mtu aliyependwa kama Spika. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Ukimkuta peke yake kwenye cherehani alikuwa mtu mpole asiye na la kusema. Lakini saa nne, chai ikishamiminwa, alipanda juu ya robota la vitambaa akageuka mtu mwingine.

Hasa aligeuka meneja. Meneja yule alikuwa na ugonjwa wa hotuba. Hata kufungua choo kipya hakuweza bila kukohoa mara mbili, kushika mkanda wa suruali na kuanza: "Ndugu zangu, sitasema mengi." Hapo angesema mpaka miguu ya watu ife ganzi. Kila shukrani ilikuwa "kwa namna ya pekee", kila mfanyakazi alikuwa "nguzo", na "kwa kumalizia" ilitajwa mara tano kabla hajamaliza. Spika aliyabeba yote, kikohozi na mkanda, na watu walicheka hadi chai ikawatokea puani. Siku moja meneja mwenyewe alimfuma akiwa juu ya robota. Alisimama mlangoni, akatazama viatu vyake, akaondoka bila neno.

Kisha mkewe Spika akaugua ini. Kila jioni Spika aliketi kando ya kitanda hospitalini akimwigizia daktari, wauguzi, na jirani yao mwenye kithembe. Mwanzoni mke alicheka. Wiki ya mwisho alimshika mkono akamwambia, "Leo hebu ongea wewe." Spika akafungua kinywa, akamwuliza kama anataka maji.

Mke alifariki Alhamisi asubuhi. Kwenye mazishi wenzake wa kiwandani walikuja wote kwa lori la kampuni, meneja akiwa mbele kando ya dereva. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, shemeji yake, kaka wa marehemu, alimwita mfiwa atoe neno la shukrani.

Spika hakuwa ameandika kitu. Koo lilikuwa limekauka, akakohoa. Akakohoa tena. Mikono hakujua aipeleke wapi, ikashika mkanda.

"Ndugu zangu," alisema, "sitasema mengi."

Kule nyuma waliposimama wenzake, mtu alitoa mguno puani. Mwingine akajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Spika aliwasikia. Akajaribu njia nyingine, akasema anawashukuru wote waliofika, na kwa namna ya pekee... Kila neno aliloshika alikuta ameshalichezea. Na mkewe kweli alikuwa nguzo. Miaka kumi na saba alimwegemea. Angesema nini kingine?

"Alikuwa nguzo yangu," alisema, na kwenye lile neno la mwisho sauti ikapasuka.

Kicheko kikawatoroka. Hawakukusudia, kilitoka kama chafya. Mama mkwe aligeuza shingo taratibu kuona ni akina nani wanaocheka mbele ya kaburi la mwanawe, kisha akamtazama mkwewe kwa muda mrefu zaidi.

Meneja ndiye aliyetoka kwenye mstari, akaja akamshika Spika bega. "Mwenzetu amefiwa na mke," alisema. "Anawashukuru. Tumwache apumzike." Basi, akarudi mahali pake. Spika alitamani ardhi immeze; kati ya watu wote, wa kumsitiri awe huyu.

Watu walipoanza kutawanyika alimfuata mama mkwe, akamweleza kwamba hakuwa akifanya mzaha, kwamba yale yalikuwa maneno yake ya kweli. Mama alimsikiliza huku akikung'uta udongo kwenye gauni.

"Huenda ni kweli, baba," alisema. "Ila sisi tutajuaje?"

Shemeji yake, aliyekuwa akikusanya viti, alinong'ona kuwa mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Hakunong'ona chini sana.

Spika alirudi kazini baada ya wiki. Walimpa pole, wakamwachia kiti chenye mto, na hakuna aliyemwomba aigize. Siku ya tatu sindano ilimkatikia, akachelewa chai. Alipofika mlangoni alikuta wamelizunguka robota. Juu yake alikuwa mama wa upakiaji, yule aliyelia kuliko wote makaburini, ameshika mkanda wa aproni.

"Alikuwa nguzo yangu," alisema, akaipasua sauti kwenye "nguzo".

Wakacheka, wakamwona, wakanyamaza. Mama wa upakiaji akashuka akianza kuomba radhi, machozi yakimlenga.

Spika alijimiminia chai. "Sauti haipasuki hapo," alisema. "Inapasuka kwenye 'yangu'."

Hawakujua kama wacheke. Akacheka mmoja, kisha wawili, kisha wote. Spika alikunywa chai yake amesimama, akarudi kwenye cherehani kabla kengele haijalia.