Simu ya Saa Kumi na Moja

Mume wangu Abdulhalim ana wake wawili na ni mtu wa haki. Hilo simnyimi. Siku tatu analala kwangu Kibiti, siku tatu analala Mohoro kwa mke mwenzangu Nusaiba, na zamu hiyo haijavunjika hata mwaka ule mafuriko yalipokata barabara. Alivuka kwa mtumbwi akafika kwangu suruali imelowa hadi kiunoni. Akinunua doti ya kanga, ananunua mbili za rangi moja. Hata ndoo za plastiki ananunua mbili mbili.

Mimi ni afisa ugani, nina stashahada ya kilimo, kituo changu ni Mahege. Kazi yangu ni kuwaambia wakulima ukweli wasioupenda, kwa hiyo na mimi nitausema wa kwangu: nilimwonea wivu mgonjwa.

Nusaiba ameolewa miaka minne na hajapata mtoto. Mwaka juzi alianza kuvimba uso. Nyusi zikapukutika, sauti ikawa nzito kama ya mtu mwenye mafua, akawa anajifunika blanketi wakati wenzake wanajipepea. Anaweka maji jikoni, anasahau alitaka kupika nini. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema mvivu tu. Mimi nilimpelekea samaki wa kukaanga na maneno ya faraja. Kumhurumia kulikuwa rahisi. Alikuwa mbaya wa sura kuliko mimi.

Kisha Abdulhalim akampeleka Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa homoni na tezi. Wakarudi na jibu: tezi ya shingoni imelala, haifanyi kazi yake. Dawa ni kidonge kimoja kila alfajiri, tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla hajatia chochote kinywani, na huenda akaimeza maisha yake yote. Tezi ikikaa sawa, daktari alisema, hata mtoto anaweza kupatikana.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda Mohoro kwenye harusi nikamkuta anacheza. Uso umenyooka, nyusi zimerudi, kiuno kinaonekana. Wanawake wananiambia, "Mama Talib, umemwona mwenzio? Utadhani ndiye anaolewa leo!" Nikasema mashallah. Pilau ilinishinda.

Lakini kilichonichoma hasa kilikuwa simu. Nusaiba bado alikuwa anasahau, kwa hiyo kila siku asipokuwa kwake, Abdulhalim aliamka saa kumi na moja alfajiri kumpigia. Yaani ndani ya zamu yangu, kitandani kwangu, mgongo kanigeuzia mie, ananong'ona:

"Nusa. Amka, mama. Umemeza? Haya, kunywa na maji mengi. Nakusikiliza."

Na anasubiri kweli, anasikiliza mtu akimeza maji. Mimi nilimzaa Talib kwa kupasuliwa, nikarudi nyumbani na mshono, na hakuna aliyewahi kunisikiliza nikimeza kitu.

Baada ya harusi ile nilivumilia wiki mbili. Ya tatu nikamwambia, "Baba Talib, we mtu mzima, unakatisha usingizi bure. Siku zako za hapa nitampigia mimi. Mwanamke kwa mwanamke tunaelewana."

Alinitazama kama nimempa ng'ombe. "Allah akulipe, Mama Talib. Wangapi wangefanya hivyo?"

Alfajiri ya kwanza nilipiga. "Umemeza?" "Nimemeza, dada. Ahsante." Nikakata. Nilipiga siku sita. Siku ya saba mvua ilikuwa inanyesha, simu iko kwenye chaji sebuleni, nikaona uvivu kutoka. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ya nane haikuwa na mvua, na simu ilikuwa chini ya mto wangu. Sikupiga. Abdulhalim aliporudi msikitini akauliza, "Umempigia?" Nikajibu, "Kila kitu sawa," nikammiminia chai.

Ikawa hivyo. Nilitegemea, nakumbuka vizuri sana, kwamba Nusaiba atalalamika na mimi nitasema mtandao wa Mohoro mbovu. Hakulalamika. Miezi miwili ikapita. Nikasikia kwamba ameanza tena kulala mchana. Sikuuliza.

Tarehe ya kurudi kwa daktari ilipofika, nikatangaza kwamba na mimi nakwenda. "Nimenenepa, nachoka, nywele zinakatika. Mke mmoja akipimwa, apimwe na wa pili." Abdulhalim hakubisha. Haki ni haki. Tukachukuliwa damu sote wawili, na siku ya majibu tukaingia watatu chumbani kwa daktari.

Dokta Salwa, mwanamama mwembamba mwenye miwani, akatutazama mmoja mmoja. "Leo mgonjwa ni yupi?"

"Sote wawili," nikasema.

Akaanza na mimi. Akageuza karatasi, akanishika shingo kwa vidole viwili, akaniambia nimeze mate. "Mama, tezi yako inafanya kazi vizuri sana. Sukari nzuri, damu ya kutosha. Wewe ni mzima. Punguza wanga, tembea."

"Natembea mashamba kutwa."

"Kwa miguu?"

"Kwa pikipiki."

Abdulhalim akakohoa kuficha kicheko. Watu hutoka chumba kile wakimshukuru Mungu kwa jibu kama langu. Mimi nilijisikia nimenyimwa. Sikupata kidonge, wala tarehe ya kurudi, wala mtu wa kuniamsha.

Kisha akashika karatasi ya Nusaiba, na uso wake ukabadilika. Nami kwa mara ya kwanza siku ile nikamwangalia mwenzangu sawasawa. Uvimbe ulikuwa umerudi chini ya macho. Alikuwa amejifunga kanga ile ya sare yetu juu ya sweta.

"Mara ya mwisho ulikuwa unapanda vizuri," alisema daktari. "Sasa umeshuka karibu ulipoanzia. Dawa unameza kila siku?"

"Kila siku," akajibu Nusaiba.

"Kabla ya chai?"

"Kabla ya chai."

"Hakuna siku unaruka?"

Nusaiba akanitupia jicho, mara moja tu, akaangalia magoti yake. "Hakuna, dokta."

"Basi dozi ni ndogo kwako." Daktari akavuta karatasi ya dawa. "Ulikuwa mia moja. Tunapanda hadi mia na hamsini. Mtaisimamia kwa makini, maana dawa hii ikizidi mwilini moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Na kama mnatafuta mtoto, si jambo la kucheza nalo."

Kalamu ikaanza kuandika. Mimi huwa sichelewi kusema. Mkulima akinyunyizia dawa mara mbili ya kipimo namkemea kabla hajamaliza mstari. Siku ile ulimi ulikuwa mzito, kwa sababu Abdulhalim alikuwa amekaa hapo, na maneno yale ya Allah akulipe, Mama Talib, yalikuwa bado yangu.

Daktari akafika kwenye sahihi.

"Usiandike," nikasema. "Hamezi kila siku. Anameza nusu. Siku ambazo mume yuko kwangu hamezi, kwa sababu mimi ndiye wa kumpigia, na sipigi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kweli?" akamwuliza Nusaiba.

"Nikiamka mwenyewe nawasha moto, nakunywa chai," alisema polepole kwa sauti ile nzito. "Nikikumbuka, chai imeshashuka. Uliniambia nisimeze juu ya chakula. Naacha."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, dokta? Mume kaketi hapa. Ningekuwa namshitaki mke mwenzangu."

Daktari alichana ile karatasi vipande viwili. Akaandika dozi ileile ya zamani, akasema warudi baada ya wiki nane, na akanitazama juu ya miwani. "Mama, umefanya vibaya, halafu umefanya vizuri. Ungenyamaza, ningemdhuru mimi kwa mkono wangu."

Nje Abdulhalim aliniacha kwenye mabenchi. Alikwenda dirisha la dawa, akapanga foleni, mgongo kanigeuzia tena. Nusaiba akaketi karibu yangu.

"Siku sita ulinipigia," alisema. "Ya saba nilikaa na glasi mkononi mpaka jua likatoka."

"Ungemeza."

"Sikujua kama nimemeza au bado. Ndio ugonjwa wenyewe, dada. Wewe mwenye stashahada hukulijua hilo?"

Nililijua.

"Ulikuwa unataka nini hasa?" akauliza.

"Kupigiwa simu."

Alinikazia macho, kisha akacheka, cheko la kukwaruza, mpaka watu wa benchi la mbele wakageuka. Abdulhalim aliporudi na pakiti ya vidonge, Nusaiba akamwambia yote palepale, bila aibu, na mimi nimekaa hapo kama mfuko wa mpunga. Yeye hakucheka. Alifikiri, kama anavyofikiri kwenye bei.

"Haya," akasema. "Siku za Kibiti, nitampigia Nusaiba mimi mwenyewe. Siku za Mohoro, nitampigia Mama Talib. Saa ileile."

"Unipigie nimeze nini? Mie mzima."

"Utakunywa maji."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Lakini alfajiri ya kwanza ya zamu ya Nusaiba, simu yangu iliita saa kumi na moja kamili.

"Amka, mama. Umekunywa?"

"Nakunywa."

"Kunywa. Nakusikiliza."

Nikachukua kikombe kando ya kitanda nikanywa taratibu, nikikawiza kila funda. Nyuma yake nilimsikia Nusaiba, kwa sauti ileile nzito, akisema, "Mwambie amalize yote. Asiruke funda kama alivyoruka siku zangu."

Nikanywa mpaka mwisho, wivu wangu uko palepale, na nikamwomba asubiri kidogo nikajaze kingine.